Ile Inatangulia Njo Inakula: Historia ya Mti Ndani ya Fuwele



Leo ninaleta historia ya fizikia, lakini lazima nianze na aibu yangu mwenyewe.

Wakati wa staje yangu ya mwisho wa masomo, walinituma kwenye ukumbi wa elektrolizi, pale shaba inatoka ndani ya maji ya asidi na kushika juu ya bamba za chuma. Sisi bastajiere tulikuwa na kazi ndogo: kutembea juu ya seli na kutafuta bamba yenye joto kupita zingine. Bamba ikiwa ya moto, maana yake imegusana na jirani yake. Ni kursirkwi. Umeme unapita njia ya mkato, na shaba haiongezeki tena. Kila mara tulipotoa bamba kama hiyo, tulikuta miti midogo ya shaba imeota juu yake, yenye matawi, na matawi mengine juu ya matawi, myekundu, mizuri kabisa. Ilikuwa imevuka ile nafasi ya sentimita chache mpaka kufika upande wa pili.

Papa mmoja wa ekipe, aliyekuwa pale tangu mimi sijazaliwa, alikuwa anaipiga na chuma mpaka ianguke. Nikamuuliza: "Papa, juu ya nini inaota sawa miti?" Akanijibu bila kusimamisha mkono: "Mutoto, ile inatangulia njo inakula ya kwanza. Zingine zinabakia na njaa."

Nikacheka kwa heshima, nikaenda zangu. Na mu TFC yangu niliandika kwamba ile miti, ambayo mu vitabu inaitwa dendriti, inatokana na uchafu ulio ndani ya maji. Sentensi ile nilikuwa nimeinakili kwa mkubwa wangu wa mwaka wa mbele, naye alikuwa ameitoa kwa mwingine. Juri haikuuliza kitu. Alama zilikuwa nzuri.

Ilipita miaka mbele nijue kwamba Papa alinipa jibu, na mimi nikaliacha pale chini pamoja na vipande vya shaba. Ni kweli, chembe ya uchafu inaweza kuanzisha kivimbe juu ya bamba. Lakini haielezi kwa nini kivimbe kinakuwa mti, hakibakii kuwa kilima. Swali hilo liliwasumbua watu wenye akili kubwa kwa zaidi ya miaka 370. Njo historia ninayotaka kuwasimulia.

Tuende Prague, majira ya baridi, mwanzo wa 1611. Johannes Kepler ni mwanahesabu wa Kaisari Rudolf II. Cheo ni kikubwa, lakini mshahara unachelewa mara kwa mara (hapo wengi wetu tunamuelewa bila maelezo). Anataka kumpa rafiki na mfadhili wake, Wacker von Wackenfels, zawadi ya Mwaka Mpya, na mkononi hana kitu. Anavuka daraja, theluji inaanguka juu ya koti lake. Anaangalia: kila chembe iko na pembe sita. Anafurahi, kwa sababu theluji kwa Kilatini ni nix, na kwa Kijerumani neno la sauti karibu na hiyo, nichts, ni kusema "hakuna kitu". Basi anamwandikia rafiki kitabu kidogo juu ya "hakuna kitu", na kinachapwa mwaka ule ule.

Ndani ya kitabu hicho swali ni moja: kwa nini sita? Kwa nini si tano, kwa nini si saba? Kepler anaangalia masega ya nyuki. Anaangalia mbegu za komamanga zilivyobanana. Anafikiri namna ya kupanga mipira ya mizinga ili ikae pamoja bila kupoteza nafasi, na hapo anatoa dai juu ya mpango ulio bora kuliko yote. Dai hilo lilingoja mpaka 1998 ndipo Mmarekani Thomas Hales akatangaza kwamba amelithibitisha, tena kwa msaada wa kompyuta. Yote hiyo kutoka kwa zawadi ya mtu asiyekuwa na pesa!

Lakini kilichonigusa mimi ni mwisho wa kitabu. Kepler anachukua sababu moja baada ya nyingine, anazipima, na zile ambazo amezileta yeye mwenyewe anazikataa. Mwishoni anakubali kwamba jibu hana, na anaiacha kazi kwa watu wa kemia watakaokuja nyuma. Mwanahesabu wa Kaisari anachapisha kitabu kusema "sijui". Mimi mwanafunzi wa mwisho niliogopa kuandika neno hilo mu TFC.

Waliokuja nyuma walijibu kwanza nusu ya swali. Mu 1637 Descartes alichapisha maelezo na michoro ya theluji aliyoiona Amsterdam. Mu 1665 Robert Hooke wa Uingereza akaichora alivyoiona kwa hadubini. Mu 1669 Nicolas Steno akaonyesha kwamba fuwele za kitu kimoja (fuwele ni ile tunayoita kristali), ziwe kubwa ao ndogo, zinakuwa na pembe zile zile kati ya nyuso zao. Mwisho, mu 1912, Max von Laue na wenzake wakapitisha miale ya eksi ndani ya fuwele, na ikaonekana wazi kwamba atomu ndani yake zimepangwa kwa safu, sawa matofali ya ukuta. Ndani ya barafu, molekuli za maji zinakaa kwa mpango wa pembe sita. Ile "sita" ya Kepler ikapata jibu.

Basi kazi imekwisha? Hapana. Chukua chumvi ya jikoni. Atomu zake nazo zimepangwa vizuri, lakini chembe yake inakuwa kijisanduku chenye nyuso laini, haina matawi. Na barafu ile ile yenye mpango wa sita inaweza kuwa bamba bapa la pembe sita, ao nguzo fupi, ao sindano, ao nyota yenye matawi. Mpango wa atomu unaeleza pembe. Hauelezi mti.

Hapa wanaingia watu wawili ninaowapenda sana.

Wa kwanza ni mkulima, Wilson Bentley, wa kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Hakuwa na diploma ya chuo kikuu. Tarehe 15 Januari 1885 aliunganisha hadubini na kamera, akapiga picha ya chembe ya theluji. Akaendelea kila majira ya baridi mpaka akapita picha 5000. Kitabu chake kilitoka mu 1931, na mwaka ule ule akafariki. Bentley alipenda chembe nzuri, zilizokamilika pande zote. Juu ya hiyo, watu wengi wakadhani theluji yote iko vile.

Wa pili ni Nakaya Ukichiro wa Japani. Huyu alisomea fizikia ya kisasa kabisa, akatumwa kufundisha kwenye Chuo Kikuu cha Hokkaido, kaskazini kwenye baridi, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufika kule, vyombo vya utafiti aliousomea havikuwepo. Wenzangu, mnaijua hali hiyo? Unamaliza na akili imejaa mashini, unafika kazini na kuna meza tu. Nakaya aliangalia ni kitu gani kilichokuwa kingi kule. Ilikuwa theluji. Akaanza na ile.

Hakuchagua chembe nzuri peke yake, alipiga picha hata zile mbaya na zilizovunjika. Halafu akataka kuitengeneza mwenyewe ndani ya chumba cha baridi. Shida ilikuwa mahali pa kuishikisha: nyuzi za kawaida zilijaa ukoko wa barafu kila mahali. Mwishowe akajaribu unywele wa sungura, na mu Machi 1936 chembe ya kwanza ya theluji iliyotengenezwa na mtu ikaota juu ya unywele huo. Toka hapo akaweza kubadilisha baridi na unyevu apendavyo, na kuangalia kinachotoka. Karibu na digrii 2 chini ya sifuri, bamba. Karibu na 5 chini ya sifuri, nguzo na sindano. Karibu na 15 chini ya sifuri, unyevu ukiwa mwingi, nyota yenye matawi.

Hiyo ilitatua kitendawili kingine: matawi sita yanajuaje kufanana? Hakuna tawi linaloongea na jirani yake. Chembe inaanguka, na matawi yote sita yanapita pamoja ndani ya hewa ile ile: hapa unyevu mwingi, pale kidogo, hapa baridi zaidi. Kila moja linafanya kile hewa inaruhusu, kwa saa ile ile. Na mara nyingi hayafanani vizuri, picha za Nakaya zinaonyesha.

Sasa, sheria yenyewe iko wapi? Nani anaamuru tawi liote?

Mu 1947 Mrusi Ivantsov aliandika hesabu ya ncha moja ya fuwele inayokua ndani ya kitu cha maji kilichopoa kupita kiasi. Kitu kikiganda, kinatoa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Ivantsov akaona kwamba ncha yenye umbo la parabola inaweza kukua bila kubadilisha sura. Vizuri sana! Lakini hesabu yake ilikuwa na kasoro: ilikubali ncha nyembamba inayokimbia, na pia ncha nene inayotembea polepole, na zote za katikati. Ukweli unachagua moja, na ukirudia jaribio inatoka ile ile. Hesabu haikujua ichague ipi.

Mu 1963 na 1964 Wamarekani wawili, William Mullins na Robert Sekerka, wakauliza swali la chini zaidi. Wakasema: tusahau mti kwanza. Tuchukue uso wa fuwele uliotulia vizuri. Tuweke juu yake kivimbe kidogo sana, kile ambacho bahati tu inaweza kuleta. Kitazama ao kitakua?

Jibu lao, mkinisikiliza vizuri, ni lile la Papa wa ekipe.

Fikirini bamama wanaongoja kamio ya mahindi. Wote wamesimama kwenye mstari mmoja, kila mmoja atapata sehemu yake. Mama mmoja akipiga hatua mbili mbele kwenye barabara, kamio inamfikia yeye kwanza. Anachukua, anapata nguvu, anasonga mbele tena. Wale waliosimama ubavuni mwake wanakuta kamio tupu. Kivimbe juu ya fuwele ni mama yule. Ndani ya kitu kinachoganda, kiko mbele kwenye baridi, kinatupa joto lake kwa urahisi. Ndani ya hewa yenye unyevu, mvuke unakifikia kwanza. Ndani ya maji ya asidi, shaba iliyo karibu na bamba imekwisha kuliwa, na kivimbe kinanyoosha kichwa pale bado kuna nyingi. Umeme pia unajikusanya zaidi kwenye ncha. Ile inatangulia inakula, na kwa sababu imekula inatangulia zaidi.

Lakini kama ingekuwa hiyo peke yake, kila kitu kingekuwa nywele nyembamba zisizo na mwisho. Kuna nguvu ya pili inayorudisha nyuma. Uso wa kila kitu uko na gharama yake, ile tunayoita mvutano wa uso. Ncha kali ni gharama kubwa, atomu zilizo juu yake hazijashikwa vizuri, zinarudi kwenye maji kwa urahisi. Basi kivimbe chembamba sana kinalainishwa, kile kipana mno kinakua taratibu, na kati yao kuna kipimo kimoja kinachoshinda wengine. Mullins na Sekerka walikitoa kwa hesabu. Kipimo hicho njo kinachoamua matawi yaachane kwa nafasi gani. Na tawi lenyewe, likisha kuwa refu, ubavu wake unakuwa uso mpya, vivimbe vinaota juu yake, mchezo unaanza tena. Njo maana tawi linazaa tawi.

Ilibakia shida ya Ivantsov: ncha ipi inachaguliwa? Mu miaka ya 1970 Martin Glicksman na wenzake walitumia kitu kimoja cha kemia chenye kupitisha mwanga, kinachoganda sawa chuma, wakapima ncha moja moja kwa uangalifu mkubwa. James Langer na Müller-Krumbhaar wakaleta wazo mu 1978: kwamba ncha inajipeleka pale pale kwenye mpaka wa kuvunjika. Namba zilikubaliana karibu na vipimo, watu wakafurahi. Lakini kati ya 1984 na 1985 vikundi viwili vya Marekani, mmoja ukiwa na Langer mwenyewe, vikagundua kwamba sababu iko mahali pengine. Mvutano wa uso wa fuwele hauko sawa pande zote, kwa kuwa atomu zimepangwa kwa safu. Tofauti hiyo ni ndogo sana, asilimia chache ao hata chini ya moja. Ukiiondoa mu hesabu, ncha imara haipo kabisa, inapasuka mara mbili, na mara mbili tena. Ukiirudisha, inabakia ncha moja, na mwelekeo wake unajulikana.

Ona vile duara lilifungwa. Mpango wa atomu ambao Kepler aliukisia kwa mipira ya mizinga njo unaoamua matawi yaende upande gani. Njaa njo inayoamua yawepo. Na Langer hakulilia wazo lake la kwanza, alikuwa kati ya wale walioonyesha kwamba halitoshi. Mu 1994 Glicksman alipeleka jaribio lake angani ndani ya chombo Columbia, pale uzito hausumbui maji, ili kupima vizuri zaidi. Kazi inaendelea mpaka leo.

Mutaniuliza: Mukongomani anaingia wapi mu habari za theluji? Kwanza, theluji tuko nayo: juu ya Ruwenzori, mpakani na Uganda, iko mpaka sasa, hata kama inapungua. Lakini jibu langu la kweli ni shaba. Mu 1984 Waingereza wawili, Brady na Ball, walichapisha utafiti juu ya miti ya shaba inayoota kwa umeme, wakaonyesha kwamba maumbo yake yanafuata hesabu ya chembe zinazotembea ovyo mpaka zishike. Mwaka huo, hapa Katanga, elektrolizi ya shaba ilikuwa imefanya kazi zaidi ya nusu karne: kiwanda cha Shituru, Likasi, ni cha 1929. Miti ile tulikuwa tunaiangusha na chuma kila siku.

Na kobalti je? Mu miaka ya 1970 watu walitaka betri zenye litiamu safi kama chuma. Kila zilipochajiwa, litiamu iliota miti ndani, ikatoboa kizuizi, ikagusa upande wa pili, moto ukawaka. Ni kursirkwi ile ile ya ukumbi wetu. Njo moja ya sababu waliacha litiamu safi, wakaweka kaboni upande mmoja, na upande mwingine oksidi ya litiamu na kobalti. Betri ya namna hiyo iliingia sokoni mu 1991, na leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu. Sasa kuna wanaotafuta kurudi kwenye litiamu safi bila miti kuota. Wakifaulu, hesabu ya kobalti yetu inaweza kubadilika. Kwa hiyo ile dendriti niliyoiandika kwa sentensi moja ya kunakili inagusa mkate wa miji yetu.

Sisemi kila mmoja wetu awe Mullins. Ninasema jambo dogo. Kule ukumbini wanatia gundi kidogo, ao unga wa guari, ndani ya maji ya asidi ili shaba ishike laini. Mu staje yangu nilijua kipimo cha kutia, na nilijua saa ya kutia. Sikuuliza inafanya nini. Leo ninajua: inakwenda kukaa pale panapokua haraka, inazuia yule anayetangulia asile peke yake. Ningeuliza, ningekuwa na TFC ya kweli.

Ninyi mnaoandika sasa, kama labo yenu iko na sahani ya glasi, waya mbili za shaba, salfati ya shaba na betri ndogo, mti unaweza kuota mbele ya macho yenu mchana mmoja. Badilisheni nguvu ya umeme, badilisheni wingi wa chumvi, pimeni nafasi kati ya matawi. Kusipoeleweka kitu, andikeni kwamba hamjakielewa, na mseme mlijaribu nini.

Papa wa ekipe alikwisha kupumzika kazi. Mara ya mwisho nilipokutana naye, nilimwambia kwamba maneno yake yako mu vitabu vya fizikia tangu 1963. Alicheka sana. Halafu akauliza: "Na bale ba mu vitabu, balishapata namna ya kuizuia kabisa?"

Nikamjibu: "Bado, Papa."